Dostoevsky alikuwa anasoma akili za watu kweli, au tunamsifia kitu alichokikataa mwenyewe?

Kalamu Kavu

Wakuu heshima mbele.

Kila anapotajwa Dostoevsky, yule mwandishi wa riwaya wa Urusi wa karne ya 19, lazima atokee mtu aseme huyu mzee alikuwa anasoma akili za watu, yani umekaa kimya tu pembeni yake yeye ameshakujua nje ndani. Na hii sifa haikuanzia mitandaoni. Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani, mtu ambaye kumsifia mwenzake ilikuwa shughuli pevu, aliandika kwamba Dostoevsky ndo mwanasaikolojia pekee aliyekuwa na cha kumfundisha. Sasa Nietzsche akishasema hivo nani tena abishe, basi sifa ikapita kizazi hadi kizazi, leo watu wanasoma riwaya zake kama wanatafuta mbinu za kujua wenzao wanawaza nini.

Mimi naona tumemvika joho ambalo mwenyewe alilivua. Kwenye daftari lake la miaka ya mwisho aliandika kwamba watu wananiita mwanasaikolojia, siyo kweli, mimi ni mwandishi wa uhalisia tu ila kwa maana ya juu zaidi, naonyesha vina vyote vya roho ya binadamu. Wengi wanaisoma hiyo kama unyenyekevu. Thubutu! Huyu hakuwa mtu wa kunyenyekea, alivyogombana na mwandishi mwenzake Turgenev tunajua. Nadhani alimaanisha alichoandika, na ukifuatilia maisha yake na vitabu vyake unaona kabisa ametoa wapi huo wasiwasi.

Aprili 1849 alikamatwa na wenzake wa kikundi cha Petrashevsky, wasomi waliokuwa wanajadili siasa kwa siri. Tarehe 22 Desemba wakapelekwa uwanja wa Semyonovsky pale St. Petersburg kupigwa risasi, watatu wa kwanza wakafungwa kwenye nguzo, yeye yuko kundi linalofuata, ndo inasomwa amri ya Tsar kwamba hawauawi, na kumbe ilikuwa imepangwa hivo tangu mwanzo. Akapelekwa jela ya Omsk huko Siberia, miaka 4 ya kazi ngumu na pingu miguuni. Watu husema hapo ndo alipojifunza kuwasoma binadamu, maana alilala banda moja na wauaji na wezi. Sawa, ila kasomeni alichokiandika mwenyewe kuhusu hiyo jela, Nyumba ya Wafu, kilichotoka kati ya 1860 na 1862. Mwanzoni tu anamtaja mfungwa mmoja, kijana wa tabaka la juu, kafungwa kwa kumuua baba yake ili apate urithi. Jamaa ni mchangamfu, anacheka, anaongea habari za marehemu baba yake bila shida yoyote. Mwandishi anashangaa, anasema huyu hana majuto hata chembe, labda ni kilema fulani cha nafsi ambacho sayansi haijakijua bado. Anasema mwanzoni hakuamini kama jamaa kaua, lakini watu wa mji wake wakamsimulia kesi yote, ushahidi uko wazi kiasi kwamba haiwezekani usiamini. Akaamini.

Halafu sehemu ya pili ya kitabu hichohicho anaingiza taarifa mpya kutoka Siberia: yule kijana hakuua. Wahalifu wenyewe wamepatikana wakakiri, na yeye ameshatumikia miaka 10 ya bure.

Hebu kaeni na hiyo kidogo. Huyu ni bingwa wa kusoma watu, kaishi na mtu huyu ndani ya kuta zilezile, kila siku anamuona usoni, na uchangamfu wa mtu asiye na hatia ameusoma kama ukatili wa mtu asiye na moyo. Moyo wake ulimwambia hapana, akausikiliza ushahidi. Na hakuifuta ile sura ya mwanzo akaandika upya ili aonekane alijua. Kaiacha palepale, msomaji aone.

Kijana yule ndo mbegu ya Dmitri, yule anayeshtakiwa kumuua baba yake kwenye Ndugu Karamazov, riwaya ya mwisho, 1879 na 1880. Na hapo sasa ndo hoja yangu inakaa. Ile kesi ya Dmitri mwishoni, kurasa na kurasa, ni mwandishi anayesifiwa kwa saikolojia akiiweka saikolojia yenyewe kizimbani. Mwendesha mashtaka Ippolit Kirillovich anajiona mtaalamu wa nafsi za watu, anamfumua Dmitri mbele ya mahakama, tabia yake, hasira zake, wivu wake, kwanini alifanya hivi na siyo vile, na ukiwa unasoma unasema aisee huyu bwana anajua. Anajua kila kitu isipokuwa kwamba mtuhumiwa hakuua.

Kisha wakili wa utetezi Fetyukovich anasimama anasema saikolojia ni fimbo yenye ncha mbili, hebu niwaonyeshe. Usiku ule Dmitri alipokuwa anakimbia, yule mtumishi mzee Grigory akamdaka mguu pale ukutani, Dmitri akampiga kichwani na mchi wa shaba, halafu badala ya kukimbia akaruka chini tena akamuinamia mzee, akawa anamfuta damu na leso. Mwendesha mashtaka alisema alirudi kuhakikisha shahidi amekufa. Wakili anauliza, mtu mwenye hesabu baridi kiasi hicho mbona anautupa mchi njiani pakaonekana, mbona anahangaika kufuta damu mpaka leso inalowa, si huyo ni mtu aliyeingiwa huruma? Tendo ni lilelile, akili zilizosomwa ni mbili, na zote zinashikana vizuri kabisa. Mahakama ikaamua vibaya, mtu asiye na hatia kaenda na maji.

Kuna ujanja mwingine wengi hawaushtukii. Pale dirishani usiku wa mauaji, Dmitri anamuangalia baba yake, anautoa mchi mfukoni, na Dostoevsky anakata, anaweka mstari wa vitone tu. Yani anakuacha wewe msomaji umalizie. Na karibu wote tunamalizia kama mwendesha mashtaka. Huyo siyo mtu anayekuambia akili za watu zinasomeka, huyo anakutega uone unavyokurupuka kuzisoma.

Karibuni kwa mawe.

---

Mzee wa Rafu

Uzi mzuri ila umeruka kiunzi kikubwa mkuu. Uhalifu na Adhabu umeiweka wapi? Porfiry, mpelelezi, hana ushahidi hata mmoja mkononi, kasoma makala ya Raskolnikov, yule mwanafunzi aliyemuua mkopeshaji wa riba, kuhusu watu wa kawaida na watu wa pekee wanaoruhusiwa kuvuka sheria, kaongea naye mara chache, basi. Anamwambia mimi sikukamati, nakuacha utembee, wewe mwenyewe utazunguka weee kama nondo kwenye mshumaa mpaka uingie. Na kweli jamaa akaingia. Kama huko siyo kusoma akili za watu basi neno hilo halina kazi.

Na siyo kitabuni tu. Januari 1866 sehemu ya kwanza ya riwaya inatoka kwenye jarida la Russky Vestnik, mwezi huohuo Moscow mwanafunzi anaitwa Danilov anamuua mkopeshaji wa riba na mtumishi wake wa kike. Mwandishi alishamaliza kuandika hiyo sehemu, mauaji yanatokea. Mtu kamsoma mtu ambaye hata hamjui!

---

Chembe

Freud, yule daktari mchambuzi wa nafsi, mbona umempitia mbali mkuu, huyo ndo alitakiwa awe shahidi namba moja 😂

---

Kalamu Kavu

@Mzee wa Rafu hapo kwa Porfiry nilikuwa nakusubiri. Ile fimbo yenye ncha mbili hakuianza Fetyukovich, alishaisema Porfiry mwenyewe miaka kama 14 nyuma, anamwambia Raskolnikov usoni kwamba hii saikolojia ina ncha mbili. Yani hata msomaji bora wa akili aliyewahi kumuumba anakiri kwamba kifaa chake hakiaminiki. Kwa hiyo anafanya nini, hamalizi yeye, anamuachia mwenzake nafasi aje aseme mwenyewe. Kuna hata yule fundi wa kupaka rangi, Mikolka, anayejitokeza kukiri mauaji ambayo hakuyafanya, maana alikuwa anataka kuteseka. Kukiri kwenyewe ndo hivo tena, nako hakutoshi.

Na Raskolnikov mwenyewe hajui kwanini aliua. Msikilize anavyomwambia Sonya. Mara nilitaka pesa nimsaidie mama na dada, mara nilitaka kuwa Napoleon, mara nilitaka tu kujua kama mimi ni chawa kama wengine au mtu. Kila sababu akiitamka anaiona haishiki anadaka nyingine. Sasa kama mwenye akili hiyo mwenyewe haisomi, wewe wa nje utaisoma vipi? Hapo mimi ndo naona ukubwa wake. Waandishi wengine wa zama zake wangekupa sababu moja safi, huyu kaua kwa njaa, yule kwa wivu, yeye kakuachia rundo na kila moja ina ukweli kidogo.

Danilov nakupa ila nusu. Dostoevsky alikuwa mlevi wa magazeti, anasoma kesi za mahakamani kama sisi tunavyofuatilia mitandao. Wanafunzi fukara, wakopeshaji riba, madeni, alikuwa anaviona kila siku na madeni yenyewe alikuwa nayo ya kwake. Ukisoma hali ya mji vizuri utakisia kitakachotokea ndani yake. Hiyo ni tofauti na kumsoma mtu huyu mmoja aliyesimama mbele yako.

@Chembe Freud sikumsahau, nilimuweka akiba. Insha yake ya 1928 inasema kifafa cha Dostoevsky kilitokana na akili, kwamba alikuwa na hamu iliyofichika ya kumuua baba yake, baba akafa 1839 kwa uvumi kuwa kauawa na wakulima wake mwenyewe, basi hatia ikageuka kifafa. Stori tamu sana, imekaa kila kitu mahali pake. Tatizo mashambulizi yanayojulikana kwa uhakika ni ya baadaye, kule Siberia, halafu mwaka 1878 mtoto wake wa kiume Alyosha, hata miaka 3 hajatimiza, akafa kwa degedege lililomshika masaa. Mtoto huyo naye alitaka kumuua baba yake? Hicho kitu kinaelekea kilikuwa kwenye damu. Yani msoma akili mkuu wa karne kamsoma Dostoevsky akiwa kaburini, na kafanya kilekile alichofanya Ippolit Kirillovich.

---

MtuPori

Kama alikuwa anasoma watu mbona ruleti ilimshinda 😅 Huyu ndo aliandika Mcheza Kamari, kamueleza mraibu mpaka kucha, alimsomea binti Anna, aliyekuwa anamwandikia kwa hati mkato, wakamaliza riwaya nzima siku 26 mwezi Oktoba 1866, maana mchapishaji Stellovsky alimbana, ikifika 1 Novemba hajaleta riwaya anachukua haki ya kazi zake kwa miaka 9 bila kumlipa. Wakamaliza, akamuoa binti. Mwaka uliofuata wako Baden-Baden anaweka rehani mpaka pete za ndoa na nguo za mkewe. Na kwenye barua zake anaeleza siri ya kushinda ni kutulia tu usipandwe na joto, basi. Kila mraibu anasema hivohivo neno kwa neno. Kaja kuacha 1871. Kitabu kilishajua, mwenye kitabu hajui.

---

binti_kitabu

Kaka Kalamu Kavu nimeupenda huu uzi ila unavuta upande mmoja sana, naomba nikurudishe. Umesahau Snegiryov wa Karamazov hiyohiyo? Kwa ambao hamjasoma, Kapteni Snegiryov ni masikini wa kutupwa, mke mgonjwa, mtoto wa kike kilema, mtoto wa kiume Ilyusha anamuabudu baba yake. Dmitri alimburuta huyu baba kwa ndevu mbele za watu, mtoto anaona analia anaomba baba yake aachiwe. Katerina Ivanovna, mchumba wa Dmitri, anamtuma Alyosha, mdogo wake Dmitri, na rubli 200 za kumpoza. Kapteni akiziona anachanganyikiwa kwa furaha, anaanza kupanga, nitamtibu mke, nitahama mji, nitanunua farasi, anaongea haraka mpaka anakosa pumzi. Halafu ghafla anabadilika uso, anazikunja zile noti anazikanyaga chini kwa kisigino, anauliza nitamwambia nini kijana wangu nikichukua pesa kwa aibu yetu, anakimbia.

Alyosha anarudi kwa mchumba wake Lise anamueleza kilichotokea kichwani kwa yule mzee. Anasema alikasirika kwasababu alifurahi mno na hakuificha furaha yake mbele yangu. Angejifanya kidogo kuzikataa angeweza kuzichukua, lakini alishajivua nguo. Na uzuri ni kwamba amezikanyaga, maana sasa ameshathibitisha heshima yake, kesho akipelekewa anachukua. Na kweli baadaye anazichukua zote.

Huko ndiko kusoma akili kaka, tena kwa kiwango ambacho sijakiona kwa mwandishi mwingine. Umaskini, aibu, furaha, mtoto, vyote vimo ndani ya dakika moja na kavipanga kila kimoja mahali pake. Huwezi kuniambia mtu huyu alikuwa haamini akili za watu zinasomeka.

---

Nyuma ya Pazia

Dada binti_kitabu hiyo mifano yote ya kwenye riwaya mimi naitupa nje, wako na wa mwenye uzi pia. Snegiryov alizichukua kesho kwasababu mwandishi aliamua azichukue. Raskolnikov alijisalimisha kwasababu mwandishi alimpeleka kituoni. Mtu anayetunga swali na jibu siku zote atapata mia. Ukitaka kujua kama mtu anasoma akili za watu mpime kwa watu ambao hakuwaumba yeye.

---

Mzee wa Rafu

Duh 🙌 hiyo imefunga geti

---

binti_kitabu

Haijafunga kitu. Riwaya haithibitishi kwamba alipatia kesho ya Snegiryov, inathibitisha kwamba sisi tunaosoma tunalitambua. Mimi nilishaona watu wakikataa msaada kwa hasira wanaouhitaji mpaka mifupani, sikuwahi kuelewa, nimesoma hapo nikaelewa. Kipimo ni huyo msomaji anayesema ndiyo, ndivyo ilivyo, siyo kesho ya mhusika.

---

Kalamu Kavu

Nyote wawili mmeniweka pazuri.

@binti_kitabu umesimulia vizuri lakini umekata pale panaponoga. Alyosha akimaliza kumfumua mzee wa watu, Lise anamuuliza swali, na kwangu hilo ndo swali kubwa la kitabu kizima, kubwa hata kuliko mambo ya Mungu na shetani ambayo watu wanayanukuu kila siku. Anauliza, je hapa tulipo, sisi kumchambua roho namna hii, kama tuko juu yake, na kuamua kwa uhakika kwamba atachukua pesa, siyo dharau hii kwa yule masikini? Alyosha anasema hapana, alishaliwaza hilo swali kabla. Dharau ingetoka wapi wakati sisi wenyewe tuko kama yeye, na hata kama tu bora kuliko yeye, tungekuwa kwenye nafasi yake tungekuwa vilevile.

Na siyo mara moja. Kwenye riwaya ya Mpumbavu, binti Aglaya anamwambia Myshkin, mhusika mkuu, kitu kilekile kuhusu kijana Ippolit aliyetaka kujiua (siyo yule mwendesha mashtaka), kwamba ni vibaya sana kuiangalia na kuihukumu roho ya mtu namna unavyomhukumu Ippolit, wewe huna upole, una ukweli mtupu, kwa hiyo hutendi haki. Myshkin huyo! Mtu mpole kuliko wote aliowaandika! Bakhtin, mhakiki wa Kirusi aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1929, aliishika hii kitu barabara, anasema kwa Dostoevsky mtu aliye hai hageuzwi kuwa kitu kimya cha kufanyiwa hesabu ukiwa nyuma ya mgongo wake, neno la mwisho juu yake analo mwenyewe, na muda wowote anaweza kukutoka. Snegiryov anatabirika Alyosha anapozungumza kwa upendo. Dmitri hatabiriki mwendesha mashtaka anapozungumza ili amfunge. Kilichobadilika siyo akili ya anayemsoma mwenzake, ni alichokuwa anakitafuta.

---

Nyuma ya Pazia

Bado uko riwayani mkuu. Leta watu wa kweli.

---

Mzee wa Rafu

Ngoja mimi nilete, maana ninayo moja inamuumiza mwenye uzi.

Mei 1876 St. Petersburg, mwanamke wa miaka 20 anaitwa Ekaterina Kornilova, mjamzito, kagombana na mume, anamchukua mtoto wa kambo wa kike wa miaka 6 anamsukuma dirishani kutoka ghorofa ya nne. Anafunga dirisha, anavaa, anaenda polisi kujisema. Mtoto kwa maajabu hakuumia. Oktoba mahakama inamhukumu kazi ngumu miaka 2 na miezi 8 halafu uhamisho Siberia maisha. Wakati huo Dostoevsky anatoa Shajara ya Mwandishi kila mwezi, yeye peke yake mwandishi. Tangu Mei alishaona kitendo hiki ni cha ajabu mno, kinahitaji kuchimbwa. Oktoba anaandika kwamba hapana, huyu alikuwa mjamzito, kuna hali mwanamke akiwa na mimba anajua anachofanya lakini hana nguvu ya kukizuia, kesi isikilizwe upya. Anaenda gerezani kumuona. Hukumu inatenguliwa, Aprili 1877 kesi inasikilizwa tena, mwanamke anaachiwa huru.

Na sasa sikiliza mkuu. Baada ya kumtembelea aliandika kwamba ameshangaa mwenyewe, sehemu kubwa ya yale aliyoyakisia akiwa nyumbani na gazeti tu, aliyakuta kweli, kana kwamba alikuwepo. Sasa nani alikataa jina la msoma akili? Hapo analivaa na tai juu.

---

Nyuma ya Pazia

Asante, huu sasa ndo mfano. Ila mtanisamehe, huo pia hauthibitishi alisoma sawa. Unathibitisha alishawishi. Kulikuwa na watu wakati huo walimwandikia gazetini kwamba anamtetea mtesa mtoto, akawajibu Desemba 1877 kwa kurasa nyingi. Ujauzito ulikuwa sababu au hasira ya kawaida ya mama wa kambo, nani anajua leo.

---

binti_kitabu

Hata kama. Mahakama nzima ilikuwa na yule mwanamke pale kizimbani na hakuna aliyeiona mimba kuwa ina maana yoyote. Yeye akiwa na gazeti akaiona. Hiyo ni macho, msimpokonye mzee macho yake.

---

Chembe

Mbona hamuongelei Wayahudi na Wapolandi? Huyo wa Shajara ya Mwandishi ndo huyohuyo Machi 1877 katoa kurasa kibao za chuki juu ya Wayahudi, na Wapolandi kwenye riwaya zake wakitokea wanakuwa matapeli wa karata kama wale wawili wa kijiji cha Mokroye kwenye Karamazov. Hapo macho yaliingia wapi mchanga?

---

Kalamu Kavu

@Chembe umegusa kidonda na hakuna wa kumtetea hapo. Ila naona inaenda sambamba na ninachosema. Akipata mtu mmoja mwenye jina, anayeongea, hata awe muuaji, anampa nafasi ya kujibu na kumgeuka. Akishaandika juu ya kundi zima anaacha kusikiliza, anajumlisha tu, anakuwa mwendesha mashtaka. Wapolandi alikaa nao jela moja Omsk, wengine aliwaandika kwa heshima kwenye Nyumba ya Wafu kwasababu pale walikuwa watu wenye majina. Miaka imepita wamekuwa kundi, wamekuwa vikaragosi.

@Mzee wa Rafu Kornilova kweli umenibana na sikatai, alijisifu. Lakini angalia mpangilio wa alichofanya. Alikisia, halafu akafunga safari akaenda kumuuliza. Mwendesha mashtaka wa Karamazov hakumuuliza Dmitri kitu ambacho jibu lake lingeweza kumbadilisha. Na kwa yule kijana wa Omsk yeye mwenyewe alisikiliza watu wa mji wake, akaangalia kicheko chake, akatoka na kilema cha nafsi. Miaka zaidi ya 20 katikati ya hizo kesi mbili. Mtu kama huyo simuiti msoma akili, namuita mtu aliyejifunza kubisha hodi.

---

MtuPori

Kuna ule utafiti walisema ukisoma riwaya nzito unapata uwezo wa kujua hisia za watu kwa kuwaangalia macho. Ulitoka kwenye jarida la Science 2013, watu wakaushangilia sana.

---

Nyuma ya Pazia

Ndiyo, walisomesha watu vipande vifupi halafu wakawapa picha za macho wakisie hisia. Wengine wakarudia baadaye, 2016 na tena baada ya hapo, matokeo hayakujitokeza. Kipande kifupi hakikugeuzi kitu bana. Na hata kingekugeuza, picha ya macho siyo Snegiryov.

---

Mzee wa Rafu

Mimi bado nasema Porfiry alimsoma jamaa. Halafu kwa kusoma watu Tolstoy, mwandishi mwingine wa Urusi wa zama zake, anampita mbali, yule anakuandikia mpaka mbwa anawaza nini ukaamini.

---

binti_kitabu

Tolstoy anawajua watu wake kama Mungu anavyowajua, kutoka juu, hawana siri kwake. Ndo maana nampenda kidogo na simuamini sana. Huyu mwingine anakaa nao chumba kimoja.

---

MtuPori

Sasa kwa sisi ambao hatujawahi kumsoma tuanze na kipi? Karamazov nimeiona unene wake nikairudisha 😂

---

Kalamu Kavu

Usianze na Karamazov mkuu utakimbia. Anza na kile kifupi cha 1864, yule mtu wa chini ya sakafu (kwa Kiingereza kinaitwa Notes from Underground), kurasa mia na kitu. Jamaa anaongea peke yake mwanzo mwisho lakini kila sentensi anamjibu mtu ambaye hayupo, anakuwekea maneno mdomoni, mtasema mimi ni mgonjwa, mtacheka, haya chekeni. Utamchukia ukurasa wa pili. Angalia tu usijekuwa umemaliza kumjua ukurasa wa kumi, maana sehemu ya pili anakutana na Liza, anamfumua yule binti maisha yake yote kwa hotuba moja, anapatia kila kitu, binti analia. Halafu subiri uone binti akija kwake anamuona nini yeye.

---

Chembe

Spoila hizo mkuu

---

Kalamu Kavu

Kitabu kina miaka zaidi ya 160 mkuu, muda wa kukisoma ulikuwepo 😅